Miguu ya Shemeji Peku

Mimi nauza viatu vya mitumba, na mume wa dada yangu alikuwa havai viatu. Anayetaka kujua maana ya kuaibishwa na ndugu aanzie hapo. Kila asubuhi nilitundika bidhaa zangu kwenye waya, kiatu kimoja kimoja, pacha wake akiwa ndani ya gunia ili wenye mikono mirefu wasipate faida. Na kila asubuhi shemeji alipita mbele ya kibanda changu akielekea ufukweni, kifua mbele, miguu mitupu, akinisalimia kwa sauti ya kusikika soko zima. Wateja walimtazama yeye, wakatazama miguu yake, kisha wakanitazama mimi. Nilipomwambia aje achukue angalau kandambili za bure, alinijibu kwamba ngozi aliyozaliwa nayo bado haijatoboka, na siku ikitoboka atanitafuta.

Tangu ujana watu walimwita Peku, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Siku ya harusi yake nilimchagulia mimi mwenyewe jozi nyeusi inayong'aa mpaka unajiona. Alivivaa hadi ukumbini, akavivua wakati wa kula, na hatukuviona tena. Mpaka leo nashuku alimpa mpishi. Dada yangu hakujali hata kidogo. Aliniambia ameolewa na mtu, hakuolewa na viatu. Nilinuna wiki nzima.

Lakini nitasema ukweli: ilikuwa miguu ya kutazamwa. Mipana mbele, vidole vimeachana, kila kimoja kinajitegemea kama kijana aliyehama kwao. Kijiko kikianguka mezani hakuinama. Alikiokota kwa vidole vya mguu, akamkabidhi dada kwa adabu zote, naye dada akamfukuza jikoni pamoja na kijiko chake. Watoto wa mtaani walikuja na misumari, vifuniko vya chupa, hata sarafu nyembamba, ili waone kama kipo asichoweza kuokota. Na alivyopenda kuchekwa yule bwana! Ukimtania leo, kesho anarudi mwenyewe kukukumbusha ulipoishia.

Kazi yake ilikuwa unahodha wa boti ya mbao yenye mashine nyuma. Waliinunua kwa pamoja, yeye na fundi mashine, mtu mrefu wa maneno machache aliyekaa mtaa wa pili. Pamoja nao walikuwapo wavuta nyavu watatu. Hapo ufukweni, boti inapofungwa, palikuwa na kreti kuukuu la samaki. Kila aliyetaka kupanda alivua alichovaa, akakitia kwenye kreti, akaingia peku. Hiyo ndiyo sheria ya boti, na mwenye kuitunga ni shemeji. Kuna mvuta nyavu mmoja aliyewahi kuja na mabuti ya mvua akakataa kuyavua. Boti iliondoka ikamwacha amesimama mchangani na mabuti yake. Siku hizi anauza mkaa, na mabuti bado anayo.

Ukimuuliza shemeji sababu alikuwa nazo tele. Buti likijaa maji linakuwa jiwe. Kamba ya wavu ikikuzunguka mguu wenye kiatu hujui mpaka imekuvuta, lakini mguu mtupu unajua mapema. Sababu kubwa, hata hivyo, ilikuwa nyingine. Majini, alisema, masikio yamekwisha kuchukuliwa na mashine, na macho yana kazi ya kutazama mbele. Anayetazama chini ni unyayo. Mashine inapozunguka, mbao zinatetemeka, na mtetemo huo una tabia zake. Maji yakianza kuingia chini ya sakafu, mtetemo unakuwa mzito, mvivu. Wavu ukikwama kwenye mwamba, kisigino kinajua kabla ya mikono. Wavuta nyavu walikuwa wakisimulia jinsi nahodha wao alivyokuwa katikati ya mzaha akanyamaza ghafla, akakandamiza kisigino, akawaambia wafungue mbao. Wakifungua, maji yapo. Watu wale walimwamini kama mtoto anavyoamini mgongo aliobebwa.

Fundi mashine mwenyewe alinisimulia kisa kimoja alipokuja kumnunulia binti yake viatu vya shule. Yeye si mtu wa kusimulia, ndiyo maana nilikikumbuka. Siku moja walikuwa mbali, boti imejaa samaki, naye alipoinama kuweka mafuta kwenye mashine akaona maji yamepanda mpaka juu ya mbao za sakafu. Alipiga kelele, wakafungua, wakateka maji kwa ndoo na makopo mpaka mikono ikafa. Nahodha alikuwa amesimama palepale kwenye usukani, hajasema neno. Baadaye akamwambia kwamba alikuwa amekwisha kujua, alinyamaza tu ampime aone kama ataona mwenyewe. Fundi mashine alinisimulia haya huku akiminya soli ya kile kiatu cha mtoto, na uso wake mgumu ulikuwa umelainika. Alipimwa, akafaulu. Alisema mwalimu kama huyo hapatikani. Nami nilijisikia fahari, kwa sababu mtu akisifiwa shemeji yake, hata kama havai viatu, naye anapata kidogo.

Mambo yaligeuka jioni moja wakati wa chakula. Shemeji alirudi kutoka ufukweni, akavuka ua, akaingia ndani, akakaa. Dada alikuwa anaweka sahani alipoona uzi wa nailoni umetandaa sakafuni kutoka mlangoni hadi chini ya kiti cha mumewe. Akacheka, akasema leo mvuvi amejivua mwenyewe. Shemeji naye akacheka, akainua mguu kutazama. Ndoana ilikuwa imezama kwenye kisigino, nzima, imebaki shingo tu. Alikuwa ametembea nayo kutoka ufukweni, akapita sokoni, akanisalimia kwa ile sauti yake. Dada aliacha kucheka. Shemeji aliendelea kidogo, peke yake, kisha naye akaacha.

Hospitali walimtoa ndoana, wakampima, wakakuta sukari iko juu kuliko inavyotakiwa, na imekuwa hivyo kwa muda mrefu. Daktari alikuwa binti mpole. Alimwambia afumbe macho, akachukua kiuzi kigumu cha plastiki, akasema atamgusa nyayo, na kila akiguswa aseme ndiyo. Shemeji akafumba macho. Ndiyo, akasema. Kimya kidogo. Ndiyo. Kimya kidogo. Ndiyo. Dada alikuwa amekaa pembeni na mkoba wake mapajani, na aliniambia kwamba mwanzoni alifurahi, kwa sababu mumewe alikuwa anajibu vizuri, kwa mwendo mmoja kama mtu anayepigilia misumari. Kisha akatazama mkono wa daktari. Daktari alikuwa ameuinua ule uzi, ameushika hewani, hamgusi kabisa. Na shemeji anasema ndiyo.

Aliambiwa yote waziwazi. Dawa, chai bila sukari, na viatu kuanzia anapotoka kitandani mpaka anaporudi kitandani. Kila jioni mtu amtazame nyayo kwa macho na kwa mikono, mpaka katikati ya vidole. Kidonda asichokisikia kikiachwa kitaoza, na hapo maongezi yatakuwa ni ya kukata mguu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Daktari hakuwa mkuu wake kwa umri, lakini kuhusu guu alikuwa amesema. Shemeji aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa kwamba kesho kutanyesha.

Siku iliyofuata alisimama mbele ya kibanda changu, bandeji kwenye kisigino, akaniambia kwamba ngozi imetoboka. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo miaka yote ya biashara yangu, na ilipofika haikuwa na raha yoyote. Nilimvutia kiti.

Suala la viatu vyake nikalivalia njuga. Jirani yangu ni fundi viatu, mzee mcheshi ambaye kibanda chake kinaegemea changu mpaka hatujui nguzo ni ya nani. Tulitafuta ubao wa boti iliyovunjwa, tukaulaza chini, tukaumwagia maji, matone ya dizeli, na ute wa samaki tuliopewa na muuza samaki wa mbele. Kisha tukamwambia shemeji atembee. Nusu ya soko ilikuja kutazama, na hakuna hata mmoja aliyenunua kitu.

Tulianza na mabuti ya mvua. Hakuyavaa. Aliniomba nijaze moja maji ya ndoo mpaka juu, halafu nilinyanyue. Nililinyanyua kwa mikono miwili, nikalitua haraka. Akaniambia, "Sasa zidisha mara mbili, halafu ongeza mume wa dada yako." Mabuti yakarudi kwenye gunia. Kandambili zilimtupa kabla hajafika katikati ya ubao, fundi viatu akamdaka. Viatu vya tairi viling'ang'ania vizuri, lakini vidole vyote vilikuwa nje vinaisubiri ndoana ya pili. Nikamletea vya mpira wa miguu vyenye meno chini. Alinitazama kana kwamba nimemwambia apande botini na mbuzi. Viatu vya ngozi vilikuwa vizuri, ila ngozi na maji ya chumvi havielewani, itakauka na kumkata naye asijue.

Mwisho tukafikia raba za kitambaa, soli nyembamba laini inayoshika ubao. Hapo tukakwama kwenye kipimo. Mteja yeyote unamuuliza kama kinabana. Huyu ukimuuliza anakujibu vizuri kwa heshima yako, na jibu lake halina kazi. Fundi viatu akamsimamisha juu ya kadibodi, akachora mguu wake kwa penseli, akakata, akaiingiza ile kadibodi ndani ya kiatu. Ikijikunja pembeni, kiatu ni kidogo. Tulijaribu jozi baada ya jozi mpaka kadibodi ikalala bila kukunjamana, na ilikuwa namba ambayo mimi huwauzia wacheza kikapu. Tukatoboa matundu ubavuni maji yatoke, tukayaziba kwa kipande cha wavu mdogo. Kamba tukazitoa, tukaweka lastiki pana, ili akianguka majini avipige teke vitoke. Mishono ya ndani fundi aliilainisha kwa jiwe. Nimeuza viatu vya watu wakubwa na vya mabibi harusi, lakini sijawahi kuwa na jozi niliyoipenda kama ile.

Basi akawa anapita asubuhi amevaa. Alisimama mbele ya kibanda, akainua mguu mmoja, akawaonyesha wateja, akasema hii ni kazi ya shemeji yangu. Dada alinenepa kwa furaha. Mimi nilianza kuwaambia watu kwamba hakuna mgumu asiyelainika, ukipata wa kumwelewa.

Siku moja ambayo boti haikutoka, mapema kabla soko halijachangamka, dada alikuja kibandani, akakaa juu ya gunia la viatu, akaniwekea zile raba mapajani. Aliniambia nizishike. Nikazishika. Akaniambia ninuse. Nikanusa. Zilikuwa na vumbi la barabarani, hazina hata gamba moja la samaki. Kila alasiri alikuwa anazitoa nje azianike juani, alisema, na kila alasiri hakuna cha kuanika. Kiatu cha mvuvi kinakuwaje kikavu? Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa inaishia ufukweni, kwenye kreti.

"Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mdogo wangu," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kufutwa. "Nenda wewe. Mimi akinichekea nitalegea."

Nilifunga kibanda. Mfanyabiashara akifunga kibanda asubuhi ujue kuna jambo. Nilirudisha raba kwao, nikazipanga pale pale anapozikuta, na kesho yake nikaenda ufukweni wakati boti zinarudi. Kreti lilikuwa mahali pake. Juu ya kandambili za wavuta nyavu na ndara za fundi mashine zilikaa raba zangu, zimepangwa vizuri, kisigino kwa kisigino. Kule kupangwa ndiko kulikonikera kuliko yote.

Boti iliingia, wakaivuta, wakaanza kushusha samaki. Shemeji aliniona, akaja anacheka, mikono wazi. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima. Lakini kila alipokanyaga kwa mguu wa kushoto, mchanga ulibaki na doa jekundu. Nilimwonyesha tu nyuma yake. Akageuka, akatazama nyayo zake mwenyewe kutoka kwenye maji mpaka pale aliposimama, akakaa chini polepole.

Tulisogea nyuma ya boti iliyopinduliwa kukarabatiwa, ambako watu hawatuoni. Nilimfunga mguu kwa kitambaa changu cha kichwa. Ulikuwa mkato mdogo, kati ya kidole cha nne na cha mwisho, kipande cha gamba la konokono bado kimo ndani. Nilimuuliza sheria ya boti ni ya nani. Akasema ni yake. Basi aivunje, nikamwambia, mwenye nyumba haombi ruhusa ya kufungua dirisha.

"Nikivivaa wataniuliza kwa nini," akasema. "Nikisema daktari kanikataza, wataniuliza kwa nini. Mwisho wa hizo kwa nini zote ni kwamba miguu haisikii."

"Haisikii tangu lini, shemeji?"

Alichota mchanga kwa mkono, akaumwaga. Kisha akaniuliza kama fundi mashine aliwahi kunisimulia siku ile ya maji. Nikasema ndiyo, alinisimulia, na kwa fahari.

"Sikuwa nampima," akasema.

Niliona boti imejaa, maji juu ya mbao, na yule mtu amesimama kwenye usukani na miguu yake maarufu, hajui lolote. Halafu nikakasirika, na hasira yangu haikuwa ya mguu tena. Nilimwambia kwamba mle ndani kuna watu watano na nyumba tano. Alisema anajua, anawahesabu kila siku. Alisema tangu siku ile anawafungulisha mbao mara kwa mara, wao wanadhani amekuwa mkali tu. Anatazama nyuso zao, anasikiliza mashine, anabahatisha. Nilimuuliza kwa nini basi asiseme. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimeuliza swali la kitoto. Hakuwa na kazi nyingine, akasema, na hii anaijua kwa miguu. Wakimwondoa kwenye usukani atabaki nani?

Nilimpenda sana wakati ule, na nilitaka kumzaba kofi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alikuwa anaficha maradhi yake katika boti ya wenzake. Nikamwambia, "Kesho asubuhi nitakuwa hapa. Ukivitia kwenye kreti nitasema mimi, na unajua nikisema mimi nitatia chumvi." Akacheka kidogo, akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akaniomba nimwambie dada yangu aje pia.

Asubuhi ilikuwa shwari, maji yametulia. Dada alinishika mkono tangu tunatoka nyumbani. Wavuta nyavu walikuwa wanavua kandambili zao pembeni ya kreti, wanapiga soga, fundi mashine anabeba dumu la mafuta. Shemeji alikuja na raba zake, akalifikia kreti, akalipita. Mmoja wa wavuta nyavu, mtu wa utani kila saa, akamwambia, "Nahodha, umesahau kitu mguuni." Wote wakacheka.

Shemeji alisimama, kiatu kimoja kimeshaingia majini. Aliwaambia. Hakuzunguka, hakupamba. Alisema ana ugonjwa wa sukari, nyayo zake zimekufa ganzi, na kwa muda mrefu amekuwa akiwapeleka majini bila kuisikia boti. Kicheko kilikatika. Fundi mashine aliweka dumu chini.

"Na siku ile ya maji?" akauliza.

"Sikuwa nakupima. Nilikuwa sijui. Wewe ndiye uliyetuokoa, halafu mimi nikakunyang'anya sifa hiyo."

Fundi mashine alikaa kwenye ukingo wa boti. Aliposema, alisema chini chini, ikabidi sote tusogee. "Nina watoto, nahodha." Shemeji akasema anajua. "Nimemsimulia mke wangu habari ile. Nimewasimulia watoto. Nimeisimulia kama sifa zako."

Wavuta nyavu walitazama maji. Nilikuwa na mengi ya kusema, mema na ya kupatanisha, lakini heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nikauma midomo. Dada yangu alikuwa analia kimya kimya. Shemeji hakuongeza neno la kujitetea, ingawa tangu nimfahamu sikuwahi kumwona akikosa la kusema. Alisimama na kiatu kimoja kwenye maji na kingine mchangani, anasubiri.

Mwishowe fundi mashine alivua ndara zake, akazitia kwenye kreti, akapanda. Hakwenda kwenye mashine. Alikwenda kwenye usukani, akasimama, akaipanga miguu yake mipya kazini, akatazama chini muda mrefu. Kisha akamwambia mvuta nyavu mmoja ashike mashine, na kwa shemeji akasema, "Kaa mbele. Ukiniambia samaki wako wapi nitakwenda. Usukani sikupi."

Shemeji akasema, "Sawa." Yule wa utani, maskini, hakuweza kujizuia. Aliuliza kama sasa kila mtu anaruhusiwa kuvaa. Fundi mashine alimjibu kwamba akalete barua ya daktari kwanza, naye akavua kandambili mbio. Kuna aliyecheka. Sijui ni nani, lakini nilimshukuru.

Shemeji alipanda, akakaa mbele katikati ya nyavu, pale wanapokaa walioajiriwa jana. Boti iliondoka. Aliketi ameshika ukingo kwa mikono miwili, na hakugeuka kutupungia kama kawaida yake. Dada aliniuliza kama nadhani atazoea. Nilimwambia atazoea. Nilikuwa sijui, lakini kwa dada yako unasema hivyo.

Alasiri nilifunga mapema nikaenda kwao. Nilimkuta shemeji kwenye kiti cha sebuleni, miguu juu ya taulo mapajani mwa dada, naye dada anapitisha vidole vyake kwenye kila mkunjo, katikati ya kila kidole, taratibu, kama anayechambua mchele. Raba zilikuwa nje zimeanikwa, zinanuka samaki mpaka mlangoni. Chai ya bila sukari ilikuwa mezani haijaguswa. Nilikaa kizingitini. Nilimtania kwanza, nikasema nasikia amepewa kazi ya jiwe la uzito, ya kukaa tu boti isiyumbe. Alicheka, lakini si sana. Basi nikamuuliza sawasawa ilikuwaje kukaa kule mbele.

Alisema aibu ipo, asinidanganye. Fundi mashine hakumsemesha isipokuwa kumuuliza njia. Fundi alipokosea kukata kona, yeye alijizuia asimfokee, na kujizuia kulimchosha kuliko kuvuta wavu. Mara mbili fundi aliagiza mbao zifunguliwe watazame, na mara zote mbili palikuwa pakavu.

"Ila, shemeji," akasema, "mimi nimekuwa nikiogopa mle ndani tangu miguu iliponyamaza. Tunatoka naogopa, tunarudi naogopa, na huku nawachekesha. Leo walipofungua zile mbao niliwatazama nyuso. Fundi alikuwa anaogopa, wale vijana wanaogopa, wote watano tunaogopa." Alifuta uso kwa kiganja. "Ilikuwa nafuu sana."

Dada yangu hakuinua kichwa. Alimwambia alete mguu wa pili.